Rumanyika, maziwa na homoni ya shibe

Omukama Rumanyika alitawala Karagwe, pamoja na sehemu tunazoziita leo Kyerwa, akiwa na ikulu yake Bweranyange. Kiti cha baba yake Ndagara alikipata kwa kupambana na ndugu yake Rogero, na wafanyabiashara wa Kiarabu walimsaidia. Wazungu Speke na Grant walipofika Novemba 1861 aliwapokea kwa ukarimu mkubwa. Grant mguu ulimuuma, akabaki kwake miezi kadhaa wakati Speke ametangulia Buganda.

Lakini kuna jambo linanikera. Wanawake wa nyumba ya kifalme walinyweshwa maziwa mpaka wanashindwa kusimama, kwa sababu unene ndio ulikuwa uzuri. Speke alimpima shemeji mmoja wa mfalme: mkono tu, sentimita 58 mzunguko! Pembeni binti yake wa miaka 16 ananyonya maziwa, baba kashika fimbo.

Sasa, mwili una breki yake. Seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa 1994. Inasafiri na damu hadi kwenye ubongo, inakamata kipokezi chake kama ufunguo na kufuli, hamu ya kula inapungua. Fimbo haingoji hamu. Na mafuta yakizidi mno, leptini inajaa kwenye damu ila ubongo hauitikii tena, kwa hiyo kupungua kunakuwa kazi ngumu kweli.

Stanley alipita 1876, akamkuta Rumanyika bado mtawala, mzee mrefu na mpole.