Charnley, bingwa wa nyonga aliyekubali kwamba alikosea

MFANYABIASHARA wa Cibitoke anayevuka Gatumba na mzigo kwenda Uvira anajua kuwa nyonga ikifa, biashara nayo imekufa. Kama leo nyonga iliyochakaa hubadilishwa, sifa nyingi zinamwendea marehemu Sir John Charnley, daktari wa mifupa wa Uingereza.

Charnley alizaliwa Agosti 29, 1911, mjini Bury, akahitimu udaktari Manchester mwaka 1935. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi, akafika hadi Misri.

Baada ya vita, katika hospitali ya Wrightington, alitengeneza nyonga ya bandia: kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Plastiki ya kwanza, Teflon, ililika upesi, na unga wake ukadhuru mwili. Charnley alijidunga unga huo pajani, akaota vinundu. Mwaka 1963 aliwatangazia madaktari wenzake madhara hayo. Tayari, tangu Novemba 1962, alikuwa ameanza kutumia plastiki ngumu zaidi, nayo ikadumu.

Ili kupunguza msuguano, alichagua kichwa kidogo cha milimita 22 hivi. Lakini kichwa kidogo huchomoka kwa urahisi kuliko kikubwa. Kwa hiyo alisisitiza kikombe kiwekwe kwa uangalifu na misuli ya nyonga ikazwe. Kikombe kikielekea vibaya, mgonjwa akichuchumaa shingo ya chuma hugonga ukingo wake, kichwa kikatoka nje.

Mwaka 1978 wapasuaji wa Marekani walipendekeza kikombe kilale kwa nyuzi 30 hadi 50, na kielekee mbele kwa nyuzi 5 hadi 25. Leo inajulikana kuwa hata ndani ya vipimo hivyo nyonga huweza kuchomoka, kwani misuli na uti wa mgongo navyo vina sehemu yao.

Charnley alipewa cheo cha Sir mwaka 1977, akafariki Agosti 5, 1982.

Aliyebadilishwa nyonga asichuchumae chooni, asikalie kigoda kifupi wala kukunja nne mpaka daktari wake amruhusu. Mguu ukifupika ghafla kwa maumivu makali, asivutwe na mtu nyumbani. Akimbizwe hospitali.