Bibi Nettie Stevens na Siri ya Mvulana au Msichana

Ukifungua vitabu vya Biolojia utakutana na Mendel, Darwin na Morgan. Jina la Nettie Stevens ni nadra kuliona, na ukiliona huwa ni mstari mmoja tu. Ndiyo maana nimeamua kuleta habari zake katika gazeti letu mwaka huu.

Alizaliwa tarehe 7 Julai mwaka wa 1861 katika mji mdogo wa Cavendish, jimbo la Vermont, huko Marekani. Baba yake, mzee Ephraim, alikuwa seremala. Mama yake aliaga dunia Nettie akiwa bado mdogo, kisha baba akaoa tena na jamaa yote ikahamia Westford, Massachusetts. Huko ndiko aliposoma hadi mwaka wa 1880, na darasani alikuwa moto wa kuotea mbali.

Siku zile msichana aliyesoma hakuwa na kazi nyingi za kuchagua. Nettie akawa mwalimu. Halafu akaingia chuo cha ualimu cha Westfield, na masomo ya miaka minne akayamaliza kwa miaka miwili! Akafunza tena, akafanya kazi ya maktaba, huku anaweka pesa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka wa 1896, akiwa na umri wa miaka 35, ndipo alipoingia Chuo Kikuu cha Stanford, California. Miaka 35, na hapa shuleni mtu akirudia darasa mara moja tu anaona haya! Alipata shahada ya kwanza 1899 na ya pili 1900. Baadaye akajiunga na Bryn Mawr, chuo cha wanawake kule Pennsylvania, akapata udaktari wa falsafa mwaka wa 1903. Katikati ya masomo hayo alivuka bahari hadi Naples, Italia, na Würzburg, Ujerumani, ambako Profesa Theodor Boveri alikuwa bingwa wa mambo ya kromosomu.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe. Ni nini kinachofanya mtoto awe wa kiume au wa kike? Wataalamu wengi wa wakati huo walidhani ni chakula alichokula mama, au joto na baridi. Bwana mmoja, Clarence McClung, alikuwa amekaribia. Aliona kromosomu moja ya ajabu katika panzi, akakisia kwamba ndiyo inayoamua. Lakini akageuza mambo, akafikiri inaleta madume.

Taasisi ya Carnegie ya Washington ilimpa Nettie pesa za utafiti, naye hakwenda kutafuta simba wala ndovu. Alichukua kidudu ambacho mama yeyote angekipepeta na kukitupa nje: mbawakawa mdogo mweusi ambaye mabuu yake hukaa ndani ya unga. Alitoa seli zake, akazitia rangi, akainama juu ya hadubini na kuhesabu. Jike alikuwa na kromosomu 20, zote kubwa. Dume naye alikuwa na 20, lakini 19 kubwa na moja ndogo kabisa. Basi akafuata hesabu hiyo mpaka kwenye mbegu. Kila yai la jike hupata kromosomu 10 kubwa. Mbegu za dume zimegawanyika: nusu zina 10 kubwa, nusu zina 9 kubwa na ile ndogo. Yai likikutana na mbegu ya kwanza anatoka jike, likikutana na ya pili anatoka dume. Hayo aliyachapisha mwaka wa 1905. Ile kubwa ndiyo tunayoiita X siku hizi, na ile ndogo ni Y. Sisi binadamu tuko vivyo hivyo, mama XX na baba XY.

Hebu fikiria jambo hili lina uzito gani kwetu. Mama akizaa wasichana watupu, nani hulaumiwa? Nakumbuka jirani yetu mmoja aliyerudishwa kwao na watoto wanne wa kike, ati hana mvulana tumboni. Hana vipi, na hiyo Y hakuwa nayo tangu azaliwe? Ya kuleta mvulana hutoka kwa baba, na baba naye hachagui.

Lakini tusidhani wanyama wote ni hivyo. Kwa kuku mambo ni kinyume: jogoo ana kromosomu mbili zinazofanana, tembe ndiye mwenye mbili tofauti, kwa hivyo yai ndilo linaloamua. Mamba hana kromosomu za namna hiyo hata kidogo, na joto la mayai yakiwa mchangani ndilo linaloamua. Kumbe wale wa kale hawakupotea kabisa! Wataalamu wameonyesha pia kwamba X na Y zilianza zikiwa jozi ya kawaida, kisha Y ikapoteza jeni zake nyingi kwa mamilioni ya miaka. Kuna panya fulani wa miiba huko Japani ambao Y yao imekwisha kabisa, na bado madume wanazaliwa.

Kuhusu sifa, Nettie hakutendewa haki, kwa maoni yangu. Mwaka ule ule wa 1905, Edmund Wilson wa New York alifikia jambo hilo kwa njia yake, na kwa kuwa alikuwa mkubwa, vitabu vikamtaja yeye kwanza. Thomas Hunt Morgan, aliyemfunza Nettie Bryn Mawr, mwanzoni alisitasita kuamini habari hizo za kromosomu. Baadaye aliamini, akazifuata katika nzi wadogo wa matunda, na mwaka wa 1933 akapewa Tuzo ya Nobel. Nettie mwenyewe alikuwa amekwisha kuziona X na Y za nzi hao, akaandika mwaka wa 1908.

Hakuolewa, wala hakupata uprofesa. Bryn Mawr hatimaye walimtengenezea cheo cha profesa wa utafiti, lakini saratani ya matiti ilikuwa imemshika. Alifariki Baltimore tarehe 4 Mei 1912, akiwa na miaka 50, kabla ya kukikalia cheo hicho. Tangu apate udaktari hadi kufa kwake ilikuwa miaka tisa tu.