James Naismith: Mwalimu wa viungo aliyekataa kuwalaumu wanafunzi

MAJIRA ya baridi ya mwaka 1891, wanafunzi 18 wa chuo cha Chama cha Vijana Wakristo (YMCA) mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, walikuwa wamewashinda walimu wao wawili wa mazoezi ya viungo.

Hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima waliokuwa wakisomea uongozi wa chama hicho. Majira ya vuli walicheza futiboli ya Kimarekani na masika wakacheza besiboli, lakini theluji ilipoanguka walifungiwa ukumbini kufanya gwaride, kunyanyua vyuma na kurudia mikao ile ile iliyobuniwa Ujerumani na Sweden. Walichoka, na uchovu ukageuka kuwa ukaidi.

Walimu wengi wangeliona tatizo hilo kuwa ni utovu wa nidhamu. Kijana mmoja wa Kikanada aliyekuwa akifundisha hapo, James Naismith, alisimama kikaoni akasema kosa halikuwa la wanafunzi bali la mfumo wa mazoezi wenyewe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: mkuu wake, Dk. Luther Gulick, akamkabidhi darasa lile na kumpa siku 14 abuni mchezo wa kuchezwa ndani.

Naismith alizaliwa Novemba 6, 1861 karibu na mji wa Almonte, jimbo la Ontario. Mwaka 1870, akiwa na umri wa takribani miaka tisa, wazazi wake wote wawili walifariki dunia kwa homa ya matumbo, naye akalelewa na mjomba wake. Aliacha shule akiwa kijana, akafanya kazi ya kukata magogo msituni, kisha akarudi darasani kukaa na wanafunzi waliokuwa wadogo kwake.

Aliendelea hadi Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, na mwaka 1890 akahitimu masomo ya theolojia. Ndugu na marafiki walitarajia kumwona mimbarani. Yeye alikuwa amekwisha kuamini kwamba kijana aweza kujengwa tabia uwanjani sawa na kanisani, na kwa imani hiyo akaenda Springfield.

Siku alizopewa zilikwenda haraka. Alijaribu kuingiza ukumbini futiboli, soka na lakrosi, kila mmoja kwa kuurekebisha kidogo, na yote ikashindikana kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu na watu wakiumizana. Ndipo alipoacha kurekebisha michezo ya watu akaanza kujiuliza ni kitu gani hasa kinacholeta vurugu.

Jibu alilipata hatua kwa hatua. Watu huangushana kwa sababu mchezaji hukimbia na mpira. Basi asikimbie nao, bali aurushe kutoka pale alipoudakia. Mpira hupigwa kwa nguvu kwa sababu goli limesimama wima mbele ya mchezaji. Basi goli liwe juu ya vichwa, mdomo wake ukitazama dari, ili ulengaji ushinde nguvu. Alikumbuka mchezo wa utotoni wa kuangusha jiwe lililowekwa juu ya mwamba, ambapo aliyerusha kwa kupinda alifaulu kuliko aliyevurumisha.

Alimwomba mtunza jengo masanduku mawili. Masanduku hayakuwepo, akapewa vikapu vya kuwekea mapichi. Akavipigilia kwenye roshani ya ukumbi, ambayo kimo chake kilikuwa futi 10, na kimo hicho hakijabadilika hadi leo. Aliandika kanuni 13, zikapigwa chapa na kubandikwa ukutani.

Desemba 21, 1891 wanafunzi wale wakaidi waligawanywa tisa kwa tisa na kupewa mpira wa soka. Lilifungwa bao moja tu, na William Chase ndiye aliyelifunga. Mwanafunzi mwingine, Frank Mahan, alipendekeza mchezo uitwe kwa jina la mwalimu. Naismith akacheka na kukataa. Wakakubaliana uitwe mpira wa kikapu.

Kanuni zilichapishwa katika jarida la chuo Januari 1892, na matawi ya YMCA yakazisambaza. Wanawake nao waliupokea mapema. Mmoja wa wachezaji wa mwanzo, Maude Sherman, alifunga ndoa na Naismith mwaka 1894.

Baada ya kupata shahada ya udaktari wa tiba mjini Denver mwaka 1898, Naismith aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Kansas kuongoza ibada na kufundisha elimu ya viungo, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1937. Aliiongoza pia timu ya kikapu hadi mwaka 1907, ikashinda mechi 55 na kupoteza 60. Hivyo mwasisi wa mchezo ndiye kocha pekee wa timu hiyo aliyemaliza akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi.

Hilo halikumkosesha usingizi. Kwake kikapu kilikuwa zoezi miongoni mwa mazoezi, naye binafsi alipenda zaidi mieleka. Mwanafunzi wake Forrest Allen, ambaye Naismith alishangaa kusikia anataka ukocha, aliishindia Kansas mechi 590.

Mwingine aliyepita mikononi mwake ni John McLendon, aliyeingia chuoni hapo mwaka 1933. Kwa kuwa alikuwa mweusi, timu ile ile iliyoanzishwa na Naismith haikumruhusu kuichezea. Naismith, akiwa mshauri wake wa masomo, alimfundisha na kumsaidia hadi akahitimu mwaka 1936. McLendon baadaye aliipa Tennessee A&I ubingwa wa taifa wa vyuo vya NAIA mara tatu mfululizo, mwaka 1957, 1958 na 1959.

Mwaka huo wa 1936 mpira wa kikapu uliingia rasmi katika michezo ya Olimpiki, Berlin. Makocha wa Marekani walichanga fedha ili mzee aweze kusafiri, maana mchezo wake haukumtajirisha. Yeye ndiye aliyerusha mpira wa mechi ya kwanza.

Naismith alifariki dunia Novemba 28, 1939 mjini Lawrence, Kansas, akiwa na umri wa miaka 78. Karatasi mbili za kanuni zake ziliuzwa mnadani mwaka 2010 kwa dola milioni 4.3 na sasa zimehifadhiwa katika chuo alichokitumikia. Mwenyewe aliziandika kwa ajili ya darasa moja ambalo walimu wawili walikuwa wamekwisha kulikatia tamaa.