Ernest Starling na Mjumbe wa Damu

Mwili wa mtu una njia mbili za kupeleka habari. Njia ya kwanza ni mishipa ya fahamu, yaani neva. Njia ya pili ni damu. Njia hii ya pili ilithibitishwa na mtaalamu wa Uingereza aitwaye Ernest Starling.

Starling alizaliwa London tarehe 17 Aprili, 1866. Alisomea udaktari, lakini alivutiwa zaidi na elimu ya kazi za viungo vya mwili. Mwaka 1899 akawa profesa katika University College, London. Huko alifanya kazi pamoja na William Bayliss, shemeji yake, aliyemwoa dada yake.

Chakula chenye asidi kitokapo tumboni na kuingia katika utumbo mwembamba, kongosho hutoa maji ya kukimeng'enya. Je, kongosho hupashwaje habari? Ivan Pavlov wa Urusi, mtaalamu aliyeheshimiwa sana, alifundisha kwamba ni kwa neva. Wengi walimwamini.

Mwezi wa Januari, 1902, Starling na Bayliss walilipima jambo hilo. Walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakazikata neva za sehemu moja ya utumbo wake, wakaiacha mishipa ya damu tu. Kisha wakatia asidi katika sehemu hiyo. Kama habari ingalipita katika neva tu, kongosho lisingalifanya lolote. Lakini kongosho lilitoa maji yake!

Starling akatambua kwamba kitu fulani kilisafiri katika damu. Papo hapo akakwangua utando wa ndani wa utumbo, akausaga pamoja na mchanga na asidi, akauchuja. Maji yaliyopatikana yakatiwa katika mshipa wa damu wa mbwa, na kongosho likafanya kazi tena. Mjumbe huyo wa damu wakamwita sekretini.

Jaribio hilo lilirudiwa katika maabara ya Pavlov, na matokeo yakawa yale yale. Pavlov akaukubali ukweli. Hata hivyo, yeye naye hakukosea kabisa, kwa maana neva pia huliamsha kongosho. Njia zote mbili hufanya kazi pamoja.

Mwaka 1905 Starling aliwaita wajumbe wa namna hii homoni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea.

Ushirikiano huo huonekana pia mtu anapoogopa. Ukikutana na nyoka njiani, ubongo hupeleka habari kwa neva hadi kwenye tezi mbili zilizo juu ya mafigo. Tezi hizo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, nawe huwa tayari kukimbia. Habari za neva hufika kwa kufumba na kufumbua. Homoni huchelewa kidogo, lakini nguvu yake hudumu zaidi. Ndiyo sababu moyo huendelea kudunda hata nyoka akiisha kwenda zake.

Starling alifariki tarehe 2 Mei, 1927, akiwa safarini kwa meli huko Jamaica. Hakupata Tuzo ya Nobel, lakini neno lake homoni hutumiwa na madaktari ulimwenguni kote.

Maswali
1. Kwa nini Starling na Bayliss walizikata neva za utumbo?
2. Homoni husafiri kwa njia gani?
3. Eleza jinsi neva na homoni zinavyoshirikiana mtu anapoogopa.