Garrincha: bingwa wa dunia mara mbili aliyeuawa na pombe

Wapenzi wa mpira wa miguu wanamjua Pelé. Lakini Wabrazil wengi, ukiwauliza ni nani aliyewafurahisha zaidi uwanjani, watakutajia Garrincha.

Jina lake kamili ni Manuel Francisco dos Santos. Alizaliwa mwaka 1933 huko Pau Grande, kijiji cha wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, jimbo la Rio de Janeiro. Miguu yake ilikuwa imepinda, mmoja mfupi kuliko mwingine. Baba yake alikuwa mlevi wa cachaça, pombe kali ya miwa ambayo sisi tungeilinganisha na kanyanga au lutuku. Kijana naye akaizoea mapema.

Mwaka 1953 alikwenda kujaribiwa katika timu ya Botafogo. Walimpanga dhidi ya Nílton Santos, beki wa timu ya taifa, akampitishia mpira katikati ya miguu. Beki huyo mwenyewe ndiye aliyeomba kijana asajiliwe. Brazil ikachukua Kombe la Dunia mwaka 1958. Mwaka 1962 huko Chile, Pelé aliumia mapema, Garrincha akaibeba timu: mabao mawili dhidi ya Uingereza, mawili mengine dhidi ya wenyeji. Katika mechi 50 za taifa alishindwa moja tu, ile ya mwisho.

Na miaka hiyo yote alikuwa akinywa. Lakini mtu anayeshinda, nani atamuuliza chupa ngapi? Magoti yalipouma alidungwa sindano ili acheze, na mashabiki waliendelea kupiga makofi.

Mwaka 1969 gari alilokuwa akiendesha liligonga lori, akafa mama wa Elza Soares, mwimbaji maarufu aliyeishi naye kama mke. Baada ya hapo alizama kabisa. Elza alivumilia miaka mingi, akaondoka mwaka 1977 baada ya kupigwa.

Madaktari wanajua kinachotokea kwa mtu wa namna hiyo. Ini ndilo linalosafisha pombe mwilini. Likilazimishwa kila siku kwa miaka mingi, sehemu zake hufa na kugeuka makovu magumu, tumbo likajaa maji. Tena mwili ukishazoea, chupa ikikosekana mikono hutetemeka, jasho hutoka, wengine huanguka kifafa. Hapo mtu hanywi tena kwa furaha. Wanaomwambia aache tu, kesho asubuhi, hawajui kwamba kuacha kwa ghafla bila daktari kunaweza kumuua.

Garrincha alilazwa hospitali mara nyingi, akatoka, akarudia. Alifariki Rio tarehe 20 Januari 1983, akiwa amepoteza fahamu kwa sababu ya pombe. Alikuwa na miaka 49, na mali hakuwa nayo. Mwili ulipelekwa kwanza uwanja wa Maracanã, maelfu wakapita kumuaga, kisha ukarudishwa Pau Grande, watu wakiwa wamejipanga kandokando ya barabara.