Sofia Kovalevskaya: Aliyevuka mipaka kuifuata hisabati

KIGALI – Katika kituo cha AIMS kilichofunguliwa hapa mwaka 2016, vijana kutoka nchi nyingi za Afrika husoma hisabati ya juu. Mkenya au Mganda huvuka mpaka kwa kitambulisho tu. Sofia Kovalevskaya, ambaye kila anayesoma hesabu za vitu vinavyozunguka hukutana na jina lake, hakupata njia nyepesi hivyo.

Alizaliwa Moscow mwaka 1850. Vyuo vikuu vya Urusi havikupokea wanawake, na kwenda ng'ambo kulihitaji ruhusa ya baba au mume. Mwaka 1868 akafunga ndoa ya makaratasi na Vladimir Kovalevsky, na mwaka uliofuata wakavuka hadi Ujerumani. Berlin nako chuo kilimkatalia. Profesa Karl Weierstrass akamfundisha faragha kwa miaka minne. Mwaka 1874 Göttingen ikampa shahada ya udaktari.

Urusi haikumpa kazi ya chuo. Yeye na mumewe (ndoa sasa ilikuwa ya kweli) wakatia fedha katika ujenzi wa nyumba, wakafilisika. Vladimir alijiua mwaka 1883. Mwaka huohuo Sofia akahamia Sweden kufundisha Stockholm, na mwanzoni chuo hakikumlipa mshahara.

Huko ndiko alikokamilisha kazi yake kubwa. Kila mtoto amechezesha pia, lakini kuandika hesabu ya mzunguko wake wote ni shughuli nzito. Zilijulikana hali mbili tu zenye jibu kamili: ya Euler, ya kitu kilichoshikiliwa kwenye kitovu cha uzito wake, na ya Lagrange, ya pia iliyolingana pande zote. Sofia alipata ya tatu, ya pia ambayo uzito wake umeelemea upande kwa vipimo maalumu.

Aliipeleka Paris kushindania Tuzo ya Bordin. Kazi zilipimwa bila majina, kama gunia kwenye mzani mwenyewe akiwa hayupo. Mwaka 1888 ikashinda, na zawadi ikapandishwa kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Mwaka uliofuata Stockholm ikamfanya profesa wa kudumu.

Mapema 1891 alikuwa akirejea kutoka mapumziko Ufaransa. Kwa kuikwepa ndui ya Copenhagen alipitia visiwa vya Denmark, hana chenji ya huko ya kumlipa mchukuzi. Akabeba mizigo mwenyewe kwenye mvua na baridi. Alifika Stockholm mgonjwa, akafariki Februari 10 kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka 41.