Henry Wallace: Waziri aliyewalipa wakulima wapunguze kulima

Ukisikia ruzuku ya kilimo, huenda kinachokujia kichwani ni mbolea ya bei nafuu. Serikali inachangia, mkulima analipa kidogo, anavuna zaidi. Lakini kuna waziri mmoja wa Marekani aliyefanya kinyume kabisa: aliwalipa wakulima ili wapunguze kulima.

Jina lake ni Henry Wallace. Bei zilipanda kweli, lakini siyo kila aliyeshika jembe aliyeona faida.

Mtoto wa Iowa

Wallace alizaliwa Oktoba 7, 1888 katika jimbo la Iowa, eneo la mahindi na nguruwe. Familia yake ilimiliki gazeti la wakulima. Baba yake naye alikuwa Waziri wa Kilimo, kuanzia 1921 hadi alipofariki 1924.

Akiwa mdogo, rafiki wa familia yao alikuwa George Washington Carver, mtaalamu mweusi wa mimea aliyezaliwa utumwani. Carver alikuwa akitembea naye porini na kumwonyesha mimea. Dogo akanogewa.

Alipokuwa kijana wa shule, wataalamu waliamini kwamba muhindi unaopendeza kwa macho ndio unaotoa mbegu bora. Wallace hakubishana nao. Alipanda, akavuna, akapima. Kumbe wapi! Uzuri wa muhindi haukuwa na uhusiano na wingi wa mavuno.

Mwaka 1926 alianzisha kampuni ya mbegu chotara, ambayo baadaye ilikuja kujulikana kama Pioneer. Ndiyo, ni jina lile lile ambalo wakulima wengi wa mahindi Kenya na Tanzania wanalifahamu.

Mazao tele, mfuko mtupu

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mazao yalikuwa na bei nzuri. Wakulima wa Marekani wakakopa benki, wakaongeza mashamba. Vita vikaisha, bei ikaporomoka, ila madeni yakabaki pale pale.

Mkulima mwenye deni hufanya nini bei ikishuka? Analima zaidi ili apate kiasi kile kile cha pesa. Kwa mtu mmoja hiyo ni akili. Mamilioni wakifanya hivyo kwa pamoja, soko linafurika na bei inazidi kuanguka.

Kufikia 1932, kilo 25 hivi za mahindi ziliuzwa kwa takribani senti 30 tu za dola. Mwaka 1919 zilizidi dola 1. Wapo waliochoma mahindi jikoni kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa ghali zaidi.

Hundi ya kutolima

Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt alimteua Wallace kuwa Waziri wa Kilimo. Mei 12 mwaka huo sheria mpya ikasainiwa. Mkulima anaweka mkataba, anapunguza ekari za mahindi, ngano au pamba, na serikali inamlipa. Fedha zilitoka kwenye kodi ya wasindikaji wa mazao.

Tatizo ni kwamba pamba ilikuwa tayari imeota. Ikabidi ekari kama milioni 10 zifukiwe kwa plau. Nguruwe wadogo kama milioni 6 nao wakachinjwa. Sehemu ya nyama iligawiwa kwa wasiojiweza, lakini watu walikasirika sana. Nchi ina njaa, waziri anaharibu chakula? Wallace mwenyewe hakufurahia jambo hilo, ila hakuona njia nyingine ya haraka.

Bei ziliitikia. Pamba ilitoka senti 6 na nusu hivi kwa ratili mwaka 1932 hadi senti 10 hivi mwaka uliofuata. Kufikia 1935, mapato ya wakulima kutokana na mauzo yalikuwa juu kwa karibu nusu kuliko 1932. Ukweli ni kwamba ukame mkali wa 1934 nao ulipunguza mazao na kupandisha bei, hivyo sifa zote haziwezi kwenda kwa ruzuku.

Nani alipata pesa?

Hapa ndipo hadithi inapokuwa chungu. Kule kusini, pamba ililimwa na watu wasio na ardhi, weusi kwa weupe, waliogawana mavuno na mwenye shamba. Hundi ilikuwa ikienda kwa mwenye shamba. Wengi wao hawakuwagawia wakulima wao haki yao. Na kwa kuwa ekari zimepunguzwa, watu wa kulima nao hawakuhitajika tena. Familia nyingi zikafukuzwa.

Julai 1934, huko Arkansas, wakulima hao walianzisha chama chao, weusi na weupe pamoja. Ndani ya wizara, baadhi ya wanasheria wakataka mikataba ilinde wakazi wa mashamba. Wabunge wa kusini walikuwa na nguvu, na Februari 1935 Wallace alikubali wanasheria hao waondolewe.

Baadaye alitembelea kusini akaona umaskini kwa macho yake. Mwaka 1937 ikapitishwa sheria ya kuwakopesha wasio na ardhi wanunue mashamba. Kwa waliokwisha kufukuzwa, msaada ulikuwa umechelewa.

Mbegu yashinda mkataba

Januari 1936 Mahakama ya Juu ilifuta mpango wa kwanza. Serikali ikaja na mwingine wa kulipia utunzaji wa udongo, kisha sheria ya 1938 iliyoingiza wazo alilolipenda Wallace: kuhifadhi nafaka miaka ya neema, kuitoa miaka ya shida. Akiba hiyo ilisaidia sana Vita vya Pili vilipofika.

Lakini ekari zilipungua huku magunia yakiongezeka. Mkulima aliyelipwa apunguze shamba aliacha kipande kibovu, kizuri akakipanda mbegu chotara. Mwaka 1933 mbegu hizo zilikuwa chini ya asilimia 1 ya mashamba ya mahindi Marekani. Katikati ya miaka ya 1940 zilikuwa zaidi ya nusu. Yaani mbegu aliyoieneza Wallace mfanyabiashara ilidhoofisha mkataba wa Wallace waziri.

Aliendelea kuwa Makamu wa Rais kuanzia 1941 hadi 1945, akagombea urais 1948 na kushindwa vibaya. Alirudi kwenye kuku na mimea shambani kwake jimbo la New York, na alifariki Novemba 18, 1965.

Ruzuku bado zipo Marekani na kwingineko. Ukisikia serikali yoyote inatangaza mpya, usiulize tu ni shilingi ngapi. Uliza pia hundi inaandikwa kwa jina la nani: anayelima, au mwenye hati ya shamba?